Mitutu ya Dameski

Wenzangu wa zamani, nanyi vijana mlioko madarasani, marehemu baba aliniachia bunduki ya marisau ya mitutu miwili, kazi ya Liège, Ubelgiji. Mitutu yake ina nakshi kama mawimbi madogo. Usione vyaelea, vimeundwa.

Jina ni la Dameski, lakini mitutu hiyo ilifuliwa kwa wingi Liège na Birmingham katika karne ya 19. Fundi alipanga vipande vya chuma na vya pua kwa zamu, akavichoma, akavisokota kama kamba, kisha akavizungushia nondo na kuvigonga hadi vikashikana. Nakshi ilifichuliwa kwa tindikali.

Mingi ilikusudiwa baruti nyeusi. Miaka ya 1890 ilienea baruti isiyo na moshi. Mitutu mingine ilijaribiwa upya na kupigwa muhuri wa baruti hiyo, mingi haikujaribiwa. Tena chemba nyingi za kale ni za milimita 65, na risasi nyingi za leo ni za 70: ganda likifunguka hukosa nafasi, shinikizo likapanda.

Mwaka jana nilimkuta mpwa wangu amekwisha kutia risasi mbili za kisasa. Nilimpokonya. Fundi alipopima alikuta mtutu wa kushoto umeliwa na kutu kwa ndani, mahali mkono wa mpigaji unaposhika.

Vijana, msidanganywe na nakshi. Someni muhuri, pimeni chemba na unene wa mtutu. Fundi akiridhika, tumieni risasi nyepesi za shinikizo dogo. Yangu haitalia tena, lakini mpwa wangu ana vidole kumi.