Kushindwa kwa UKAWA mwaka 2015, kwa mfano wa Mpanda na Ugalla

Umoja wa Katiba ya Wananchi (UKAWA) ulikuwa ushirikiano wa vyama vinne vya upinzani nchini Tanzania: CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD. Ulizaliwa mwaka 2014 ndani ya Bunge Maalumu la Katiba na kumsimamisha Edward Lowassa kugombea urais katika uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015. Wengi waliamini kuwa chama tawala, CCM, kingeng'oka. Hata hivyo, John Magufuli wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 58.46 ya kura, na Lowassa akapata asilimia 39.97.

Chanzo cha matarajio

Mwaka 2010 mgombea wa CHADEMA, Dk. Willibrod Slaa, alipata takriban asilimia 27. Miaka mitano baadaye upinzani uliungana, na CCM ilikuwa imepasuka baada ya jina la Lowassa, aliyeomba kukiwakilisha chama hicho katika urais, kukatwa Dodoma. Alipohamia CHADEMA mwishoni mwa Julai, mikutano yake ilijaa watu kiasi cha kuitwa mafuriko.

Gharama ya mgombea

Mwaka 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga jijini Dar es Salaam, Slaa alisoma orodha ya watu aliowaita mafisadi, na Lowassa alikuwemo. Mwaka uliofuata Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Kwa hiyo, ujio wake uliipa CHADEMA umaarufu lakini ukaipokonya hoja iliyoijenga, yaani vita dhidi ya ufisadi. Slaa alijiweka kando, na Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. CCM nayo ilimsimamisha Magufuli, waziri wa ujenzi aliyejulikana kwa barabara, chini ya kaulimbiu "Hapa Kazi Tu". Mpigakura aliyechoshwa na ufisadi sasa aliweza kutafuta mabadiliko ndani ya chama kilekile.

Mpanda mjini na Ugalla

Mfano wa kushindwa huko ni jimbo la mji wa Mpanda, lililoshikiliwa na Said Amour Arfi wa CHADEMA tangu mwaka 2005. Mwaka 2013 Arfi alijiuzulu umakamu mwenyekiti wa chama hicho Tanzania Bara wakati wa mgogoro wa uongozi. Mwaka 2015 kiti kilichukuliwa na Sebastian Kapufi wa CCM, na majimbo yote ya Mkoa wa Katavi yakaangukia chama tawala, likiwemo Nsimbo, iliko kata ya Ugalla.

Eneo hili laonyesha ugumu wa kugeuza shangwe kuwa kura. Vijiji vimetawanyika kati ya misitu ya miombo na Mto Ugalla. CCM ina muundo unaoanzia shina, penye balozi anayejua nani anaishi nyumba ipi, kisha tawi, kata, wilaya na mkoa. Jirani, katika makazi ya Katumba, waliokuwa wakimbizi wa Burundi tangu miaka ya 1970 walikuwa wamepewa uraia muda mfupi kabla ya uchaguzi, chini ya serikali ya CCM. Upinzani usio na tawi hai huko hauna wa kuwaendea watu hao mlango kwa mlango.

Kituoni hali ni ileile. Kura huhesabiwa papo hapo, mawakala hutia saini fomu ya matokeo, na nakala hubandikwa hadharani. Vituo vilizidi 60,000 nchini, na chama kilichokosa wakala hakikuwa na fomu ya kulinganisha na matokeo yaliyotangazwa.

Mazingira ya uchaguzi

Wapinzani walidai matokeo yamechakachuliwa. Wakurugenzi wa halmashauri, ambao ni watumishi wa serikali, ndio waliokuwa wasimamizi wa uchaguzi majimboni, na Katiba hairuhusu mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais uliokwisha kutangazwa. Polisi pia waliwakamata vijana waliokuwa wakijumlisha matokeo ya CHADEMA. Kasoro hizi zinaeleza kwa nini matokeo yalibishaniwa, lakini pengo la kura zaidi ya milioni 2.8 halielezwi vizuri bila kutazama pia udhaifu wa vijijini.

Matokeo ya baadaye

Wabunge wa CHADEMA, pamoja na viti maalumu, waliongezeka kutoka 48 hadi 70. Lakini mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya kisiasa ilizuiwa, na Machi 2019 Lowassa akarejea CCM. Chama kilichotegemea zaidi jukwaa na jina la mgombea kilipoteza vyote viwili kabla ya uchaguzi uliofuata.