Gemu za Mawinguni, Kengele za Garini: Historia ya Milisekunde

Leo tuweke kando lugha za programu, tupige historia kidogo. Nataka tuangalie vitu viwili ambavyo kwa haraka havina undugu wowote: gemu za video zinazochezwa "mawinguni", yaani kwenye seva zilizo mbali, na ile kengele inayolia ndani ya gari dereva anapoanza kusinzia.

Kilichonifanya niviweke pamoja ni safari moja ya usiku kutoka Mombasa kurudi Nairobi. Mjomba wangu alikuwa kwenye usukani, mimi nimeketi kando yake. Gari lenyewe ni la mtumba kutoka Japani, kama mengi ya hapa kwetu. Tulipokuwa tunakaribia Mtito Andei likatoa mlio, na kwenye dashibodi kukatokea picha ya kikombe na maandishi ya Kijapani.

"Mjomba, hiyo ni nini?"

"Achana nalo. Linaongea Kijapani tangu nilinunue. Linataka kadi."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Kila akiwasha gari, sauti ya mwanamke husema sentensi moja ya Kijapani kwa upole kabisa. Alishaelezwa kwamba ni mashine ya kulipia barabara za Japani, inalalamika kuwa kadi haijatiwa. Basi mjomba akawa amejifunza kupuuza kila sauti inayotoka humo. Dakika chache baadaye magurudumu ya kushoto yakashuka kwenye changarawe. Akashtuka, akavuta usukani, tukasimama. Hakuna aliyeumia. Kikombe kikatokea tena, nikakipiga picha kwa simu na kutafsiri maandishi yake. Yalikuwa yanamwambia apumzike.

Nilipomsomea hakusema kitu. Alishuka, akaja upande wangu, nikashika usukani hadi Mtito Andei, tukalala humo garini mpaka alfajiri.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: mtambo ulifanya kazi yake yote kwa wakati, sasa nini kilishindwa? Ili kujibu, tuanze na gemu.

Tarakilishi inahamia mbali

Kwa kawaida gemu huchezwa kwenye mashine iliyo mbele yako. Unabonyeza kitufe, mashine inapiga hesabu, picha inabadilika. Katika gemu za mawinguni, ubonyezo wako unasafiri hadi kwenye seva. Seva inapiga hesabu, inachora picha, inaibana iwe ndogo, inakutumia kama video, kisha kifaa chako kinaifungua na kukuonyesha. Gemu ikienda kwa picha 60 kwa sekunde, kila picha ina takriban milisekunde 17 tu. Milisekunde ni sehemu moja kati ya elfu moja za sekunde. Sasa piga picha ya hatua zote hizo zikigombania muda huo mdogo!

Wazo lenyewe si geni. Kampuni ya Ufini iitwayo G-cluster ilionyesha gemu za namna hii kwenye maonyesho ya E3 huko Marekani mwaka 2000. Lakini aliyeitikisa dunia ya gemu ni Steve Perlman, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Apple na kuanzisha WebTV, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 1997. Machi 2009, kwenye mkutano wa watengenezaji wa gemu jijini San Francisco, alitangaza OnLive. Aliahidi kwamba gemu nzito zingechezwa kwenye tarakilishi dhaifu au kwenye televisheni yenye kijisanduku kidogo, bila kununua mashine ya bei.

Siri yake ilikuwa kwenye kubana video. Video ya kawaida hubanwa kwa kulinganisha picha nyingi kwa pamoja, jambo ambalo humlazimu mtazamaji kusubiri. Ukitazama sinema kusubiri si kitu, lakini ukicheza gemu ya mbio za magari utakuwa umeshagonga ukuta. OnLive ilitumia chipu maalumu za kubana picha papo hapo. Hata hivyo Perlman mwenyewe alikubali kuna mpaka: seva isiwe mbali na mchezaji zaidi ya maili 1,000, yaani kilomita 1,600 hivi.

Huduma ilifunguliwa Marekani Juni 2010. Waandishi wa Digital Foundry walipoipima mwaka huo, hali bora kabisa iliwapa ucheleweshaji wa takriban milisekunde 150. Gemu ilichezeka, ila mikono yenye uzoefu iliuhisi uzito huo. Wateja hawakutosha. Agosti 2012 wafanyakazi walifutwa na kampuni ikaanguka. Mwili wake uliosalia uliendelea chini ya wamiliki wapya hadi Aprili 2015, Sony iliponunua hataza zake na huduma ikazimwa. Sony hiyohiyo ilikuwa imeshanunua mshindani wake, Gaikai ya David Perry, kwa dola milioni 380 mwaka 2012. Gaikai ndiyo iliyozaa PlayStation Now.

Google nao wakajaribu. Stadia ilizinduliwa Novemba 2019, ikazimwa Januari 2023, na wateja wakarudishiwa pesa za gemu walizonunua. Teknolojia haikuwa mbaya. Kwa wengi ilifanya kazi vizuri kuliko OnLive, maana faiba ilikuwa imesambaa na chipu za kuchorea picha zilikuwa zimeanza kuja na kifaa cha kubana video ndani yake. NVIDIA walianza kukiweka kwenye chipu zao mwaka 2012. Ndiyo maana huduma kama GeForce Now na ile ya Xbox zimeendelea kuishi.

Na sisi tulikuwa wapi?

Perlman alipopanda jukwaani Machi 2009, Kenya haikuwa na hata waya mmoja wa intaneti chini ya bahari. Tulitegemea setilaiti. Nilikuwa shule ya msingi, na nakumbuka saiba ambapo ungefungua ukurasa, uende ukanunue maandazi, urudi ukiwa bado unafunguka. Setilaiti hizo ziko takriban kilomita 36,000 juu yetu. Ujumbe ukipanda na kushuka, na jibu nalo likapanda na kushuka, karibu nusu sekunde imekwisha hata kabla seva haijafikiria chochote. Gemu ya mawinguni kwa njia hiyo ni ndoto.

Miezi mitatu baadaye, Juni 2009, waya wa TEAMS ulifika Mombasa. Julai SEACOM ikaanza kazi, na mwaka 2010 EASSy ikafuata. Ucheleweshaji ukashuka sana, lakini fizikia haina huruma. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,900 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni milisekunde 29 hata kama waya ungenyooka hivyo, na waya haunyooki. Hadi California ni zaidi ya kilomita 15,000, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 150 na ushee. Chora duara la Perlman la kilomita 1,600 ukianzia Nairobi, uone ni seva ngapi kubwa za gemu zimo ndani.

Tarakilishi inabaki karibu

Sasa turudi barabarani. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, linakata mita 28 kila sekunde. Dereva akifumba macho sekunde tatu, amepita mita 83 akiwa kipofu. Hapa hakuna mhandisi mwenye akili timamu atakayepeleka picha kwenye seva ya mbali na kusubiri jibu. Kwa hivyo wavumbuzi wa magari walikwenda kinyume na wale wa gemu: waliiweka tarakilishi ndani ya gari lenyewe.

Mwaka 1992 Mitsubishi iliweka kwenye gari la Debonair, huko Japani, kifaa cha leza kilichopima umbali wa gari la mbele. Hakikushika breki, kilionya tu. Mwaka 2000 malori ya Mercedes aina ya Actros huko Ulaya yalipata mfumo wa kampuni ya Iteris, wenye kamera inayotazama mistari ya barabara. Lori likianza kuhama mstari bila taa ya kuashiria kuwashwa, spika ya upande huo hutoa mngurumo kama wa tairi likipita juu ya vijituta vya pembeni mwa barabara. Nauona ni uvumbuzi mzuri mno. Dereva hahitaji kusoma chochote wala kujifunza lugha. Mwili wake tayari unaujua ule mngurumo na unajua umetokea upande gani.

Kumtambua dereva anayesinzia ni kazi ngumu zaidi. Mwaka 1994 Walter Wierwille na wenzake huko Virginia, Marekani, walipendekeza kipimo kiitwacho PERCLOS: ndani ya muda fulani, kope zimefunika jicho kwa asilimia 80 au zaidi kwa kiasi gani? Mwaka 2006 Toyota iliweka kamera inayomtazama dereva kwenye magari ya Lexus, kuangalia kama uso wake umeelekea mbele. Volvo mwaka 2007 ilipita njia nyingine. Iliacha macho, ikatazama jinsi gari linavyoyumba kati ya mistari. Mercedes mwaka 2009 ikategemea usukani. Tarakilishi hujifunza jinsi unavyouzungusha mwanzoni mwa safari, kisha hutafuta ile dalili ya mtu aliyechoka: usukani umetulia kwa muda, halafu unarekebishwa ghafla.

Volvo na Mercedes zote mbili zilichagua alama moja ya kumwonya dereva: kikombe cha kahawa. Kikombe hicho kikasambaa kwa watengenezaji wengine hadi kikafika kwenye dashibodi ya mjomba. Huko Ulaya mambo yamekuwa sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 ililazimisha onyo la usingizi kwenye aina mpya za magari kuanzia Julai 2022, na kwenye kila gari jipya kuanzia Julai 2024.

Kipande cha mwisho cha njia

Ukiziweka historia hizi mbili kando kwa kando, utaona wavumbuzi wote walihesabu muda kutoka kwenye mashine hadi kwenye skrini. Watu wa gemu walishindwa pale umbali ulipokuwa mkubwa, na sisi tuliachwa nje ya duara. Watu wa magari waliufuta umbali kabisa. Kamera ikaona, chipu ikahesabu, kikombe kikawaka, yote bila hata kugusa intaneti. Lakini bado kulikuwa na kipande kimoja cha njia ambacho hakimo kwenye hesabu zao: kutoka kwenye skrini hadi kwenye kichwa cha mjomba. Kipande hicho hakikuchukua milisekunde. Kilichukua muda wote tangu alinunue gari, na kama si ile changarawe kingechukua zaidi.

Kenya hairuhusu kuingiza magari ya mtumba yaliyozidi miaka 8. Maana yake ni kwamba kila mwaka yanayoshuka bandarini Mombasa yana kamera na kengele nyingi kuliko ya mwaka uliotangulia. Yametengenezwa kwa dereva anayesoma Kijapani, kwenye barabara yenye mistari iliyopakwa rangi vizuri. Hapa mistari imefutika sehemu nyingi, na kamera isiyoona mstari hunyamaza. Dereva naye akisikia mlio asiouelewa kila asubuhi, huzoea, na siku mlio wa kweli ukija anausikia kama kelele zilezile.

Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa huohuo. Tukishaandika ujumbe wa hitilafu, tunahesabu kazi imekwisha. Tangu usiku ule nimebadilisha tabia: nikimaliza kuandika onyo lolote, namwonyesha mtu asiyejua programu na kumuuliza angefanya nini akiliona.

Ya mjomba tuliitatua kwa shilingi chache. Ile mashine ya kadi tuliichomoa, gari likanyamaza asubuhi. Juu ya dashibodi nikabandika kikaratasi: KIKOMBE = SIMAMA ULALE. Kama gari lako nalo linaongea lugha usiyoielewa, wakati limesimama mahali salama lipige picha ulitafsiri. Huenda halidai kadi.