Baiskeli za Mpakani Busia

Hadi 1902 nchi yetu hii, kutoka Busia mpaka Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Waingereza wakausogeza mpaka, na Wasamia na Waiteso wakajikuta wana wajomba ng'ambo. Mimi mwenyewe nilizaliwa Tororo, nikaolewa Busia upande wa Kenya, na matoke ninayouza yanatoka kwetu.

Baiskeli za abiria zilianza hapa miaka ya 1960. Kati ya geti la Kenya na la Uganda palikuwa na zaidi ya nusu maili, na gari halikuvuka bila karatasi zake. Aliyeshuka basi upande mmoja alitembea juani na mizigo kichwani. Vijana wakafunga mto wa sponji juu ya keria, wakaanza kubeba watu. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na kitambaa maalumu cha kupangusa kiti kabla mama wa watu hajakaa, na shati lake halikukauka jasho mgongoni.

Kisha zikaja taabu za Idi Amin, mtawala wa Uganda. Mwaka 1972 aliwafukuza Wahindi, maduka na viwanda vikadorora, na baada ya muda sabuni, sukari na chumvi vikawa vitu vya kutafutwa kwa shida. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil na bei ya kahawa ikapanda duniani. Mkulima wa Mlima Elgon akaona heri auze Kenya. Magendo yakashamiri: kahawa ikitoka, sabuni ikiingia. Amri ya mwaka huohuo ilimfanya mfanya magendo astahili kuuawa, na bado watu walipita njia za panya. Siwezi kuwalaumu. Walikuwa na watoto wa kuogesha na kulisha.

Desemba 1987 askari wa nchi hizi mbili walipigana papa hapa Busia, mpaka ukafungwa. Mjomba hakukaa nyumbani kungoja. Alifunga madumu kwenye keria ileile, akauza maji mitaani mpaka geti lilipofunguliwa.

Machi 2020 Uganda ilipozuia wasafiri kwa sababu ya korona, ikaacha malori ya mizigo tu, biashara yangu ilisimama. Karo, kodi ya kibanda, deni la chama, vyote vilinikodolea macho. Nilimpigia mjomba simu nikilia.

"Mjomba, hapa nitatokaje?"

"Ni nini bado kinapita?"

"Malori."

"Basi anzia hapo, mwanangu."

Nilipokata simu ndipo nilipoelewa maisha yake yote. Gari lilipozuiwa, baiskeli ilipita. Abiria walipokosekana, alibeba maji. Nikawafuata wanawake wenzangu wa sokoni, mmoja mmoja, wengine wakinikatalia. Tuliokubaliana tulichanga, tukakodi lori moja. Dereva alikaa siku nyingi kwenye foleni akingoja majibu ya vipimo, na baadhi ya ndizi ziliiva njiani, tukaziuza kwa hasara. Safari ya pili tulipakia mbichi zaidi, tukaongeza maharagwe.

Leo kuna kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa 2018, na pikipiki zimeshika kazi ya baiskeli. Wasafiri wanavuka tena. Sisi bado tunakodi lori pamoja, kwa sababu nauli ya kila mkungu ni nafuu kuliko ilivyokuwa nilipokuwa peke yangu.