Visasili Angani: Majina ya Sayari na Asteroidi kama Hifadhi ya Fasihi Simulizi

Utangulizi

Mwalimu anapofundisha visasili, aghalabu mifano yake hutoka karibu: Gikuyu na Mumbi, au kinyonga aliyechelewa kufikisha ujumbe wa uhai. Mtahiniwa hukariri fasili kwamba kisasili ni hadithi inayoeleza asili ya mambo, wahusika wake wakiwemo miungu, na kwamba jamii husika iliiamini kuwa kweli. Baadaye huuliza: jamii ikishaacha kuiamini, hadithi hiyo hubaki na kazi gani? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuchunguza historia ya majina ya sayari na asteroidi. Hoja yetu ni kwamba jina la angani ni kisasili kilichofupishwa, na kwamba hudumu pale tu ambapo kuna hadithi inayolibeba.

Sayari kama wahusika

Sayari tano huonekana bila darubini. Wababeli wa kale walizitazama kwa karne nyingi, wakazinasibisha na miungu wao. Ile ing'aayo kuliko zote waliihusisha na Ishtar, mungu wa kike wa mapenzi na vita; ile nyekundu wakaihusisha na Nergal, mungu wa vita na mauti. Wagiriki waliifuata desturi hiyo kwa kutumia miungu wao wenyewe, nao Warumi wakafanya vivyo hivyo. Majina ya Kirumi ndiyo yaliyoenea Ulaya.

Tukiyachambua majina hayo tunaona kwamba sifa ya kimaumbile ililinganishwa na sifa ya mhusika. Mercury, tarishi wa miungu, alipewa sayari yenye mbio kuliko zote, ambayo hulizunguka jua kwa siku 88. Mars, mungu wa vita, alipewa ile yenye rangi ya damu. Saturn, mzee, alipewa ile inayojikokota kwa takriban miaka 29 kumaliza mzunguko mmoja. Huu ni usawiri wa wahusika, sawa na ule tunaouchambua katika ngano.

Majina ya Kiswahili

Mtahiniwa asidhani kwamba majina ya Kiswahili ni tafsiri ya yale ya Kirumi. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali yalitujia kupitia Kiarabu, pamoja na elimu ya falaki iliyotumiwa na mabaharia na wanazuoni wa pwani. Zuhura linatokana na mzizi wenye maana ya kung'aa, wala halimtaji Venus. Mushtari linafanana na neno la Kiarabu la mnunuzi, ambalo ni asili ya neno letu "mshitiri".

Baadhi ya majina mengine yanahitaji tahadhari. Zebaki ni madini. Kuiita Utaridi kwa jina hilo ni kufuata Kiingereza, ambacho kina neno moja kwa sayari na kwa madini. Kausi, linalotumiwa katika baadhi ya orodha kuitaja Neptune, kwa asili ni jina la burji ya upinde. Kwa hiyo, jina huonyesha njia ambayo elimu ilipitia hadi kutufikia.

Wafalme washindwa, visasili vyadumu

Tarehe 13 Machi 1781, William Herschel aligundua sayari mpya akiwa Uingereza. Alitaka iitwe kwa heshima ya Mfalme George wa Tatu. Wanaastronomia wa nchi nyingine hawakuona sababu ya kumtukuza mfalme asiyekuwa wao. Mjerumani Johann Bode alipendekeza Uranus kwa hoja ya nasaba: Mars ni mwana wa Jupiter, Jupiter ni mwana wa Saturn, na Saturn ni mwana wa Uranus. Ukianzia Mirihi kuelekea nje, unapanda kutoka kwa mwana hadi kwa baba wa babu yake. Jina la mfalme likasahaulika.

Jambo hilo lilirudiwa. Tarehe 1 Januari 1801, Giuseppe Piazzi aligundua asteroidi ya kwanza akiwa Palermo, kisiwani Sicily. Aliiita Ceres, mungu wa kike wa nafaka, akaongeza jina la Mfalme Ferdinand. Ceres likabaki, Ferdinand akaondolewa. Neptune ilipogunduliwa mwaka wa 1846, kulikuwa na juhudi za kuipa jina la Le Verrier, Mfaransa aliyekokotoa mahali ilipo. Zilishindwa pia.

Kwa nini? Mfalme alikuwa wa taifa moja, lakini visasili vya Kirumi na Kigiriki vilijulikana na kila msomi wa Ulaya. Hadithi iliyomilikiwa na wote iliwashinda wenye mamlaka.

Mighani katika njia ya Mushtari

Miungu ni wahusika wa visasili. Mashujaa ni wa mighani. Utofauti huu umo angani pia. Mwaka wa 1906, Max Wolf wa Heidelberg aligundua asteroidi iliyofuata njia ile ile ya Mushtari, ikiitangulia. Ilipewa jina la Achilles, shujaa wa vita vya Troy. Nyingine zilipogunduliwa, utaratibu ukawekwa: zinazoitangulia Mushtari ziitwe kwa mashujaa wa Kigiriki, na zinazoifuata kwa mashujaa wa Troy. Hata hivyo, mbili zilikuwa zimekwisha kupewa majina. Hektor wa Troy yumo katika kambi ya Wagiriki, naye Patroclus, rafiki wa Achilles, yumo katika kambi ya adui. Wamebaki huko hadi leo, mfano wa mateka.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kumwona Achilles kama mgeni. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyokuja baada ya Iliad, hakuweza kudhurika ila kisiginoni. Fumo Liyongo alikuwa na kitovu chake. Lwanda Magere alikuwa na kivuli chake. Shujaa wa mighani huwa na nguvu zisizo za kawaida na mahali pamoja pa udhaifu.

Mlango wafunguliwa

Kwa muda mrefu anga ilibeba zaidi hadithi za Ulaya. Mwaka wa 2006, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliifanya Pluto kuwa sayari kibete, zikabaki sayari nane. Gimba lililochochea mjadala huo, lililogunduliwa mwaka wa 2005, liliitwa Eris, mungu wa kike wa ugomvi. Kinaya hicho kilikusudiwa. Mwaka wa 2008 sayari kibete mbili zilipewa majina ya Haumea, kutoka Hawaii, na Makemake, kutoka Rapa Nui.

Afrika nayo imo. Mwaka wa 2019, gimba lililo mbali kupita Neptune lilipewa jina la Gǃkúnǁʼhòmdímà, msichana muhanga wa masimulizi ya Wajuǀʼhoansi, jamii ya Wasan wanaoishi Namibia na Botswana. Jina hilo liliwezekana kwa sababu hadithi zake zilikuwa zimerekodiwa kutoka vinywani mwa watambaji.

Hitimisho

Visasili havifi pale imani inapokoma. Hufa pale masimulizi yanapokoma. Hakuna anayemtolea Jupiter sadaka leo, lakini hadithi yake ingali inafundishwa, na kwa hiyo jina lake lina maana. Kazi ya nyanjani tunayowapa wanafunzi isionekane kuwa ya alama tu. Bibi anayesimulia na mwanafunzi anayeandika ndio wanaoamua ni hadithi zipi zitakazoweza kutajwa kesho. Isiyorekodiwa haitapata nafasi, hata anga iwe pana vipi.

Maswali ya marudio

1. Kwa kurejelea majina matatu ya sayari, eleza jinsi sifa za kimaumbile zilivyolinganishwa na sifa za wahusika.
2. Tofautisha kisasili na mighani ukitumia mifano ya Uranus na Achilles.
3. Linganisha udhaifu wa Achilles, Fumo Liyongo na Lwanda Magere. Unafunza nini kuhusu shujaa?
4. "Jina ni kisasili kilichofupishwa." Jadili.