Kazi Iliyoachwa Mikononi mwa Wasikiaji

Katika furaha ya yubile hii yatupasa kukumbuka jinsi msaada wa kwanza ulivyoombwa. Maana Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati haikuanza kwa mali, bali kwa habari iliyosimuliwa.

Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alisimama mbele ya wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, huko Uingereza. Alikuwa amekwisha kuivuka Afrika toka Luanda hata Quelimane. Akawaeleza aliyoyaona kwa macho yake: nchi, watu wake, na biashara ya utumwa. Mwisho akasema kwamba yeye arudi Afrika, na kazi ile awaachia wao. Ndipo waliosikia wakajiona kuwa wenye kazi, si watazamaji. Kamati ikaundwa, na Oxford, Durham na Dublin wakashiriki.

Lakini tusifiche upande wa pili. Livingstone alitumaini kwamba mto Zambezi utakuwa njia ya meli kuingia bara. Mwaka 1858 maporomoko ya Kebrabasa yakaizuia njia hiyo. Askofu Mackenzie aliwekwa wakfu tarehe 1 Januari 1861, akafa kwa homa tarehe 31 Januari 1862, na wenzake kadhaa wakafa pia. Mwaka 1864 Askofu Tozer akaihamishia misheni Unguja, naye Livingstone akasikitika sana.

Je, waliotoa sadaka wangeambiwa nini? Matumaini waliyoonyeshwa yalikuwa mazuri kuliko mambo yalivyokuwa. Hata hivyo kazi haikufa. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na siku ya Kuzaliwa Bwana mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale. Palipouzwa watu, pakawa pa kusali. Basi mtoaji wa mbali aliweza kuonyeshwa sadaka yake imekwenda wapi. Na tangu mwaka 1883 misheni ilitoa gazeti la kila mwezi, ili wasaidizi wapate habari za kazi daima.

Misheni ile iliunganishwa na chama kingine mwaka 1965, na leo mzigo tumeuchukua sisi wenyewe katika mitaa yetu. Kwa hiyo, ninyi walimu na wazee wa kanisa, mnapoomba kwa ajili ya shule au zahanati, semeni wazi ni kazi gani, ya nani, na kwa nini. Msiahidi msiyoyajua. Kazi ikiisha, rudini kwa watu mkawaeleze fedha zao zimefanya nini. Na kama paa limevuja au hesabu imepungua, semeni hayo nayo. Mjane atoaye senti zake kapuni hana haki pungufu ya kujua kuliko tajiri.

Habari ya kweli ndiyo iliyotuletea msaada hapo kwanza. Tusiipunguze, wala tusiitie chumvi.