Kazi Kisumu, mshahara haukutajwa: uombe au uache?

Mpwa wangu wa Likoni alinitumia tangazo la kazi kwa WhatsApp usiku, na chini yake swali moja: "Mjomba, niombe au niache?" Hoteli moja ya huku Kisumu ilikuwa inatafuta msaidizi wa mhasibu. Vyeti vilitajwa, tajriba ya miaka 3 ilitajwa, hata umri ulitajwa. Palipofaa kuandikwa mshahara paliandikwa "wa kuvutia, kulingana na tajriba."

Nimeishi Kisumu zaidi ya miaka 10 na swali hili huletewa kila mara na vijana wa pwani wanaotaka kuja ziwani. Heri niliandike jibu mara moja, wapate kulisoma wote.

Nianze na kosa langu. Nilipokuwa mgeni huku niliitwa na kampuni moja ya ufugaji wa samaki vizimbani, upande wa Homa Bay. Nilikwenda mara ya kwanza kupeleka vyeti, ya pili kufanya mtihani, ya tatu kuonana na mkubwa. Siku ya tatu ndipo nikatajiwa mshahara, nao haukutosha kulipa chumba Nyalenda na kula hadi mwisho wa mwezi. Nauli zote zile nilikopa. Lakini nikisema kweli, hakuna aliyenificha, kwani sikuuliza hata siku moja. Niliogopa kuonekana mroho.

Woga huo unanishangaza nikienda ufuoni Dunga. Kijana anayepanda mashua kuvua omena hana barua ya ajira, lakini mgao anaujua kabla ya kusukuma chombo majini: yatolewe kwanza mafuta na chakula, kisha sehemu ya mwenye mashua na ya wavuvi ijulikane. Kwetu pwani ni vivyo hivyo. Hakuna mvuvi anayeona haya kuuliza mgao, ila sisi wenye vyeti.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya 2007 haimlazimishi mwajiri kutaja mshahara kwenye tangazo. Inachomlazimisha kinakuja baadaye: kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na mkataba huo utaje kiwango cha malipo na lini yatalipwa. Hata hapo, maelezo hayo yanaweza kutolewa hadi miezi 2 baada ya kuanza kazi. Kwa hivyo mtu anaweza kuhama Mombasa, akapanga nyumba Mamboleo na akafanya kazi wiki kadhaa bila karatasi yenye hesabu mkononi. Wenzetu wengine wameliziba pengo hili. Jimbo la Colorado huko Marekani limewataka waajiri kutaja malipo kwenye tangazo tangu 2021, na Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo 2023 unaompa mwombaji haki ya kujua kiwango kabla ya mahojiano. Kwetu kinga ni mdomo wako mwenyewe.

Sasa, kimya cha tangazo si cha aina moja, na hapa ndipo vijana wengi wanapokosea.

Kazi za serikali mara nyingi huonekana kama hazina mshahara kumbe zinao. Tangazo la Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, iwe Kisumu, Siaya au Homa Bay, hutaja herufi au nambari ya daraja. Herufi hiyo ndiyo mshahara wenyewe, kwa kuwa ngazi za malipo ya umma hupitia kwa Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC. Mtafute mwalimu, muuguzi au karani wa daraja hilo na atakueleza anapoanzia na anapoishia. Watu wa pwani wana nafasi nzuri kwa mashirika mawili ya huku: bandari ya Kisumu iko chini ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya yenye makao Mombasa, na taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, makao yake yako Mombasa na ina kituo Kisumu. Jirani yako anayetoka Kilindini jioni anaweza kukupa picha nzuri kuliko mtu wa Kondele. Kazi hizi omba bila kusita, ila soma kama vyeti vya KRA, HELB, EACC, DCI na CRB vinatakiwa wakati wa kuomba au baada ya kuchaguliwa. Baadhi yake hulipiwa, na mwenye kuomba kazi tano asipoangalia atatumia fedha nyingi bure.

Mashirika yasiyo ya kiserikali, ambayo Kisumu imejaa, mara nyingi huwa na bajeti ya nafasi hiyo tayari. Wakikuuliza "unatarajia kiasi gani?", usitaje mshahara wako wa zamani. Wajibu kwa heshima kwamba ungependa kujua kiwango walichotenga.

Kampuni ndogo, hoteli, shule za kibinafsi na maduka ya Oginga Odinga Street ndiko kimya kinakoumiza. Mwenye biashara anangoja aone nani atakubali kidogo. Mimi sisemi uache. Kuomba kwa barua pepe kukiwa ni bure, omba. Lakini usipande gari kabla hujajua. Wakikuita, tuma ujumbe mfupi: "Ahsante kwa kuniita. Kwa kuwa natoka mbali, naomba kujua kiwango cha mshahara kabla ya makato, na kama posho ya nyumba imo ndani." Mwajiri anayekasirishwa na maneno hayo amekwisha kujieleza.

Neno la posho ya nyumba usiliache. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 1, 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na Kisumu iko kundi moja na Mombasa na Nairobi. Hiyo ni bila nyumba. Ukiongeza asilimia 15 ya nyumba unapata kama 18,530. Mtu mwenye diploma akiambiwa 17,000 "kila kitu ndani", ajue ameahidiwa chini ya haki ya kibarua. Na huku vijijini ufuoni kima ni cha chini zaidi kuliko cha jijini, kwa hivyo uliza kituo cha kazi ni Kisumu yenyewe au ni Mbita.

Tangazo linaloficha mshahara kisha likadai pesa za "fomu" au "uchunguzi wa afya" kwa M-Pesa, hilo lifute. Zile za Ghuba zinazobandikwa huku Kisumu kama zinavyobandikwa Mombasa, hakikisha kwanza wakala yuko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usitoe pasipoti kabla ya kuona mkataba wenye kiasi.

Mpwa wangu alituma ujumbe ule. Walimjibu baada ya siku 2: shilingi 28,000 kabla ya makato, nyumba ndani yake, chakula cha mchana juu ya hoteli. Tukakaa kwa simu tukapiga hesabu kwa viwango vya 2025. NSSF asilimia 6 ni 1,680. Bima ya afya asilimia 2.75 ni 770. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 420. Kodi ya mapato, baada ya nafuu ya 2,400, haifiki 300. Mkononi zinabaki kama 24,850. Likoni analala kwa mama yake bila kodi na analipwa 19,000 dukani.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza chumba Manyatta ni kiasi gani, na kama anaweza kukaa kwangu miezi 2 ya mwanzo. Nikamwambia nitamuuliza shangazi yako, maana nyumba ni yake. Barua ya maombi ameituma Ijumaa, na mahojiano ya kwanza wamekubali yawe kwa simu.