Kupandishwa daraja katika safari za ndege

Kupandishwa daraja katika usafiri wa anga ni kumhamisha abiria kutoka daraja alilolipia hadi daraja la juu zaidi ndani ya ndege hiyohiyo, mara nyingi kutoka daraja la kawaida (huitwa pia daraja la uchumi) kwenda daraja la biashara. Abiria anaweza kulipa nyongeza ya nauli, kutumia pointi alizokusanya kwa kusafiri mara kwa mara, au kuhamishwa na shirika la ndege kwa sababu zake lenyewe bila kudaiwa chochote. Kinyume chake ni kushushwa daraja.

Katika safari ya saa moja, kama ile ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, tofauti ya madaraja ni ndogo: kiti kipana kidogo na kinywaji. Katika safari ya kimataifa ya saa 6 hadi 15 tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu kiti cha daraja la biashara katika ndege nyingi za masafa marefu hulala kikawa kitanda, ilhali abiria wa daraja la kawaida hukaa wima usiku kucha.

## Madaraja katika ndege za Afrika Mashariki

Shirika la Ndege la Tanzania (ATCL) lilipokea ndege yake ya kwanza aina ya Boeing 787-8 mwezi Julai 2018. Ndege hiyo ina viti 262, yaani 22 vya daraja la biashara na 240 vya daraja la kawaida. Ndege za Kenya Airways za aina hiyohiyo, zilizoanza kuingia nchini Kenya mwaka 2014, zina viti 234: 30 vya biashara na 204 vya kawaida. Shirika la Uganda Airlines hutumia Airbus A330-800neo yenye viti 258 vilivyogawanywa katika madaraja matatu: 20 vya biashara, 28 vya daraja la kati na 210 vya kawaida.

Takwimu hizo zinaonyesha ugumu wa jambo lenyewe. Katika Dreamliner ya ATCL kuna kiti kimoja cha biashara kwa takriban kila viti 11 vya kawaida. Hata kama nusu ya viti vya mbele havikuuzwa, abiria wasiozidi 11 kati ya 240 ndio wangeweza kuhamishwa, na shirika halilazimiki kuvijaza. Mara nyingi huviacha wazi.

## Historia

Mwanzoni ndege za abiria zilikuwa na daraja moja tu, na nauli yake ilikuwa ya watu wenye uwezo. Mwaka 1952 mashirika yaliyo chini ya Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga (IATA) yalianza kuuza nauli nafuu za daraja la watalii kuvuka Bahari ya Atlantiki, na baadaye ndege zikawa na abiria wa nauli tofauti waliotengwa kwa pazia. Daraja la biashara lilizuka mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya wafanyabiashara waliolipa nauli kamili lakini wakajikuta wameketi pamoja na watalii waliolipa kidogo. Daraja la kati lilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Afrika Mashariki iliingia katika usafiri wa ndege za jeti kupitia East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar lililoanza kazi mwaka 1946. Lilipata ndege za Comet 4 mwaka 1960 na Super VC10 kuanzia 1966, zilizofanya safari za London. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977, na kila nchi ikaanzisha la kwake.

Mwaka 1981 American Airlines ilianzisha mpango wa AAdvantage, uliompa abiria maili kwa kila safari. Mashirika mengine yaliiga haraka. Mipango hiyo ndiyo iliyobadilisha kupandishwa daraja kutoka hisani ya mhudumu na kuwa kitu chenye orodha, kanuni na bei.

## Njia za kupata daraja la juu

Njia ya uhakika ni kulipa. Mashirika mengi hutoa nafasi ya kuongeza nauli baada ya tiketi kununuliwa, kwenye tovuti, wakati wa kujiandikisha kwa safari au kwenye kaunta ya uwanja wa ndege. Bei hubadilika kadiri siku ya safari inavyokaribia. Viti vya mbele vikiwa bado vitupu saa chache kabla ya kuruka, nyongeza inaweza kuwa ndogo kuliko tofauti ya nauli ya awali.

Njia ya pili ni mnada. Mashirika kadhaa, yakiwemo Etihad na Lufthansa, huwaalika abiria wa daraja la kawaida wataje kiasi wanachokubali kulipa. Kadi ya benki hukatwa pale tu ombi linapokubaliwa. Abiria anapaswa kuangalia kama kiasi anachotaja ni cha kipande kimoja cha safari au cha safari nzima, kwani anayetoka Dar es Salaam kwenda London kwa kupitia uwanja mwingine ana vipande viwili, na anaweza kulala kitandani kwenye kimoja na kukaa wima kwenye kingine.

Njia ya tatu ni pointi. Abiria wa Ethiopian Airlines hukusanya maili za ShebaMiles, wa Emirates hukusanya za Skywards, na kwa miaka mingi wale wa Kenya Airways walitumia mpango wa Flying Blue wa Air France na KLM. Kikwazo kisichoonekana ni herufi ya nauli. Ndani ya daraja la kawaida mna nauli nyingi, kila moja na herufi yake. Y kwa kawaida ni nauli kamili, na herufi nyingine ni za nauli zilizopunguzwa. Nauli za chini kabisa mara nyingi haziruhusiwi kupandishwa hata kama abiria ana maili za kutosha, na mtu anayenunua tiketi kwa wakala bila kuuliza herufi hiyo hugundua jambo hilo akiwa amechelewa.

Njia ya mwisho, inayozungumzwa sana na kutokea kwa nadra, ni kupandishwa bure kwa sababu za uendeshaji. Mashirika huuza tiketi nyingi kuliko viti, yakijua kuwa baadhi ya abiria hawatatokea. Wote wakitokea, na daraja la kawaida likajaa huku la biashara likiwa na nafasi, ni nafuu kuwasogeza watu wachache mbele kuliko kuwaacha uwanjani na kuwalipa fidia, hoteli na chakula. Wanaochaguliwa hutoka kwenye orodha ya kompyuta: kwanza wenye hadhi ya juu katika mpango wa maili, kisha waliolipa nauli kubwa zaidi. Anayesafiri peke yake ana nafasi nzuri kuliko familia ya watu watano.

## Imani zisizo na msingi

Inasemekana kwamba kuvaa suti, kumwambia mhudumu kuwa ni siku ya kuzaliwa au ni fungate, au kufika kaunta mwisho kabisa humfanya mtu apandishwe. Kwa kuwa orodha hutayarishwa na mfumo kwa kufuata hadhi na nauli, mambo hayo yana nguvu kidogo sana. Suala la mavazi huenda limetokana na wafanyakazi wa mashirika na jamaa zao wanaosafiri kwa tiketi za punguzo, ambao mashirika mengi huwataka wavae kwa heshima. Kuchelewa kaunta ni hatari zaidi, kwa sababu ndege iliyouzwa kupita kiasi humwacha kwanza aliyefika mwisho.

Wapo pia watu wanaojifanya mawakala na kuahidi "kumpitisha mtu daraja la biashara" kwa malipo ya pembeni kwa simu. Nyongeza halali huonekana kwenye tiketi mpya, yenye daraja na risiti ya shirika. Kisichoonekana humo hakipo.

## Mizigo

Kwa wasafiri wengi wa Tanzania kiti si jambo la kwanza. Mfanyabiashara anayerudi kutoka Guangzhou hufikiria kilo zaidi ya kitanda. Anayelipia nyongeza kabla ya safari mara nyingi hupata pia haki ya mizigo ya daraja jipya, lakini anayehamishwa bure langoni kwa kawaida hubaki na kilo za tiketi yake ya awali, kwa kuwa mizigo imeshapimwa na kupokelewa. Ni vyema kuuliza hili kabla ya kulipa. Wakati mwingine kununua kilo za ziada peke yake ni nafuu zaidi.

## Wagonjwa

ATCL ilianza safari za Mumbai mwezi Julai 2019, na kati ya wanaokwenda India wamo wagonjwa wanaofuata matibabu. Kwa mtu aliyetoka kupasuliwa, au asiyeweza kukunja mguu, kiti kinacholala si anasa. Mgonjwa wa namna hiyo hapaswi kutegemea bahati ya kaunta. Mashirika hutumia fomu ya kitabibu iitwayo MEDIF, ambayo daktari huijaza kabla ya safari ili shirika liamue kama mgonjwa anafaa kuruka na anahitaji nini. Huduma ya kiti cha magurudumu uwanjani huombwa mapema, hutolewa bila malipo na haihitaji daraja la biashara.

Kukaa muda mrefu bila kusogeza miguu huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya ndani ya miguu. Hatari hiyo haihusu daraja la kawaida peke yake: inamhusu kila anayekaa saa nyingi bila kuinuka, na mtu aliye karibu na dirisha huinuka mara chache kuliko aliye kando ya njia. Kiti cha kando ya njia, kinachoweza kuchaguliwa mapema, ndicho msaada ulio karibu kwa asiyeweza kulipia kitanda.

## Kushushwa daraja

Ndege ikibadilishwa dakika za mwisho na kuletwa yenye viti vichache vya mbele, aliyelipia biashara anaweza kujikuta nyuma. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inaagiza arudishiwe ndani ya siku 7 asilimia 30, 50 au 75 ya bei ya tiketi kulingana na umbali. Kwa safari kati ya Afrika Mashariki na Ulaya kiwango ni asilimia 75. Kanuni hiyohiyo inakataza shirika kudai nyongeza kwa abiria liliyempandisha lenyewe. Inahusu safari zote zinazoondoka katika viwanja vya Umoja wa Ulaya, pamoja na zinazokwenda huko kwa mashirika ya Ulaya. Kwa hiyo abiria wa KLM kutoka Dar es Salaam kwenda Amsterdam analindwa, lakini wa Kenya Airways kutoka Nairobi kwenda Paris halindwi hadi siku ya kurudi.

## Safari zinazoanzia Nyanda za Juu Kusini

Kwa wakazi wa Njombe na Makambako, na kwa wageni wa Hifadhi ya Taifa Kitulo, safari ndefu ya kimataifa huanza kwa barabara. Uwanja wa Songwe uliopo Mbeya, uliofunguliwa mwaka 2012, ndio hutumiwa na wengi kuunganisha na Dar es Salaam. Watalii wanaofuata maua ya Kitulo kati ya Desemba na Aprili hupita njia hiyo pia, kisha hupanda mlima kutokea Chimala kwenda Matamba.

Kipande hiki cha ndani kina hesabu yake. Ndege ya ATCL aina ya Dash 8-400 ina viti 76, na 6 tu ni vya biashara. Kulipia nyongeza hapo kabla ya safari ya usiku kucha ni kutumia fedha mahali pasipohitajika. Jambo la maana zaidi ni kuwa na tiketi moja kutoka Songwe hadi mwisho wa safari. Mwenye tiketi mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa, anaweza kupoteza kiti cha pili pamoja na nyongeza yote aliyolipia.

Makambako yenyewe imezoea madaraja tangu zamani kupitia reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Treni zake za abiria zimekuwa na chumba cha vitanda vinne kwa daraja la kwanza, vitanda sita kwa daraja la pili, na viti kwa daraja la tatu, huku wanaume na wanawake wakitengwa isipokuwa wenye kukodi chumba kizima. Mwenye tiketi ya kiti anayetaka kitanda njiani humwendea mkaguzi wa tiketi. Kitanda kikiwapo, hulipa tofauti ya nauli.